Peni za Sindano Chini ya Samaki

Wanangu, nasikia mnaingia kwenye kazi ya dawa za kupelekwa nyumbani. Hongereni. Mmechagua kazi ambayo hakuna anayejua ipo mpaka siku gari linapochelewa. Nimeifanya hapa Birmingham mpaka magoti yakaniomba ruhusa ya kupumzika, na kwa kuwa mmeniomba niwaandikie machache kabla ya mafunzo, nitawaandikia yale ambayo kwenye mafunzo hamtaambiwa. Hayo mengine yapo kwenye kompyuta, pamoja na picha za watu wanaotabasamu huku wakijidunga tumboni. Mimi sijawahi kumwona mtu wa namna hiyo, lakini labda wanaishi mtaa mwingine.

Kazi yenyewe ni hivi. Kuna dawa ambazo duka la dawa la pale mtaani halina: za baridi yabisi, za utumbo, za ngozi inayobabuka. Ni dawa ghali, zinataka baridi, na mgonjwa anajidunga mwenyewe nyumbani. Daktari wa hospitali anaandika cheti cha dawa, kinatufikia sisi. Tunampigia mgonjwa simu kila mwezi, tunauliza amebakiwa na sindano ngapi na kama kuna tatizo, tunapanga siku, tunafungasha kwenye boksi la baridi, na dereva anapeleka kwa gari jeupe lisilo na maandishi ili majirani wasijue. Majirani wote wanajua. Gari jeupe lisilo na jina, linalosimama mlango uleule mtaani Sparkbrook kila mwezi na kuziba barabara nzima, linajitangaza lenyewe.

Sindano za siku hizi zina umbo la kalamu nene, kwa hiyo kila mtu anaziita peni. Unaibana kwenye ngozi ya tumbo au paja, unabonyeza, inalia tak, unahesabu taratibu mpaka ilie tena, umemaliza. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Shida ni kwamba wagonjwa wetu ni watu wazima.

Aliyenifundisha ni mama mmoja Mjamaika, Doreen, aliyekuwa kwenye ghala letu tangu enzi za madaftari. Mwezi wangu wa kwanza nilitaka kumwonyesha kwamba mtu wa Kitale si mvivu. Nikafungasha maboksi ishirini peke yangu, na kila moja nikalijaza vipande vya barafu, nikavibananisha na dawa bila kuweka kadibodi katikati. Niliwaza, kama baridi ni nzuri, basi baridi nyingi ni nzuri zaidi. Akili ya mtu aliyekulia mahali ambapo friji ilikuwa ya kuwekea sahani.

Doreen alifungua boksi moja, akatoa peni iliyoganda, akaiweka mezani, akaendelea na chai yake. Ilipoyeyuka akaniita.

"Beatrice, tazama kwenye kidirisha cha peni. Unaona nini?"

"Dawa. Safi, kama maji."

"Imekufa," akasema. "Maziwa yakiharibika, pua itakwambia. Hii ikiganda mara moja tu, imekwisha, na haitoi harufu wala haibadiliki rangi. Mgonjwa atajidunga, atashukuru, na haitamfanyia kitu chochote. Digrii mbili mpaka nane. Andika."

Nikaandika, nikabandika juu ya meza yangu. Maboksi yote ishirini yakatupwa, na mimi nikapewa kazi ya kufagia ghala wiki nzima. Mnacheka, lakini ninyi mtafanya makosa yenu, na natumaini yatakuwa kwenye boksi, si kwa mtu.

Basi shikeni haya, maana mtaulizwa kila siku. Peni itoke kwenye friji nusu saa kabla ya kudunga, ikae mezani yenyewe, la sivyo inauma bila sababu. Isitiwe kwenye maji ya moto. Isitiwe kwenye maikrowevu, na msiniulize nimejuaje kwamba kuna mtu aliitia. Isitikiswe. Isiwekwe mlangoni mwa friji, wala isigusane na ukuta wa nyuma. Leo tumbo kulia, wiki ijayo kushoto. Na kuna bwana mmoja wa Sutton Coldfield, kule kwa wenye nazo, aliyekuwa anahifadhi peni zake kwenye friji ya mvinyo, mahali penye joto mara mbili ya linalotakiwa. Nilipomwambia haifai, alinieleza kwa upole wote kwamba friji ile ni ya Kifaransa. Nikamwambia dawa haijui Kifaransa. Akaomba kuongea na mkubwa wangu.

Mkubwa wangu alikuwa Graham. Graham alikuwa mtu mwema, aliwapenda wagonjwa wote mradi wasiongee. Doreen alipostaafu na madaftari yakaenda naye, Graham alituletea kompyuta yenye maswali ya kusoma na vijisanduku vya kutia alama. Mgonjwa anaendelea vizuri: ndiyo, hapana. Anahifadhi kwenye baridi: ndiyo, hapana. Tatizo lolote: ndiyo, hapana. Juu ya kioo kulikuwa na saa. Simu isizidi dakika nne. Ikizidi, saa inageuka nyekundu na Graham anapita nyuma ya kiti chako akijifanya anatafuta stepla.

Hapo ndipo mimi nikawa nyota. Walinipa wagonjwa wote wanaoongea Kiswahili. Kulikuwa na Wakongo wa Small Heath, na Wakenya wenzangu, wengi wao manesi, na nesi akiwa mgonjwa, Mungu akusaidie, anakufundisha kazi yako. Nilikuwa namaliza kila simu kwa dakika mbili. Hakuna mkalimani, hakuna kurudiarudia. Graham alinisifu kwenye mkutano mbele ya watu wote, akasema hivi ndivyo utamaduni unavyoleta tija. Nami nikakaa pale nimevimba kichwa, nikiamini.

Sasa niwaambie habari ya Mama Neema.

Mama Neema alitoka Bukavu na watoto watatu, akapata nyumba Small Heath, karibu na Coventry Road. Alikuwa fundi wa kushona. Nusu ya vitenge mnavyoviona kanisani siku ya harusi vimepita mikononi mwake. Kisha baridi yabisi ikamshika mikono. Hospitali ilimpa vidonge, vikashindwa. Ikampa sindano ya kwanza, ikashindwa. Ikampa hii ya kwetu, ya kudunga mara moja kwa wiki, na hii ikamwinua. Akarudi kwenye cherehani. Mimi nilimrithi kwenye orodha wakati huo, mambo yakiwa mazuri, na simu zetu zilikuwa hivi:

"Habari ya kwako, Mama Neema?"

"Ni muzuri, dada. Tunamushukuru Mungu."

"Watoto hawajambo?"

"Bako salama."

"Na mwili?"

"Mwili unaendelea, Mungu anasaidia."

"Peni zimebaki ngapi?"

"Ziko mbili."

"Unaziweka kwenye baridi?"

"Eh, dada. Kwenye baridi sana."

Ndiyo, ndiyo, hapana. Asante mama, ubarikiwe, gari litakuja Jumanne. Nakata. Dakika moja na nusu, na moyo wangu mweupe kabisa.

Mnajua ninyi wenyewe tunavyosalimiana. Mtu anaweza kuwa anatoka mazikoni, ukimuuliza habari atakwambia nzuri. Nzuri kwanza. Halafu watoto, halafu kazi, halafu hali ya hewa, na baadaye sana, ukishakunywa chai, ndipo unasikia "nzuri, ila..." Mimi nimelelewa hivyo, nimesalimiana hivyo maisha yangu yote. Lakini ukinipa saa nyekundu na kijisanduku, eti nasahau, nachukua salamu ya mtu naiandika kwenye faili kama hali ya ugonjwa wake. Susan wa meza ya jirani asingefanya kosa hilo, kwa sababu Susan hajui "nzuri" ni nini. Ilihitaji Mswahili.

Mwezi wa kumi ikaja barua pepe kutoka hospitali. Mikono ya Mama Neema imevimba upya, damu imepimwa, dawa imeacha kufanya kazi. Wiki ijayo madaktari watakutana wamsimamishie hiyo dawa. Baada ya hii hakuna nyingine kwenye orodha yao anayoweza kupewa, kwa sababu moyo wake haukuruhusu zile zilizobaki. Angebaki na vidonge vya maumivu. Kazi yangu ilikuwa kumpigia simu, kumwambia hatutaleta tena, na kupanga siku ya dereva kuchukua kisanduku cha njano cha sindano zilizotumika.

Nilisoma ile barua mara tatu. Miezi mfululizo nimeandika "anaendelea vizuri". Nikamwambia Graham nitakwenda mwenyewe kuchukua kile kisanduku.

"Hiyo ni kazi ya dereva," akasema.

"Dereva haongei Kiswahili."

"Kisanduku pia hakiongei, Beatrice."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho Graham kunichekesha. Alinipa saa moja.

Nilifika kwa Mama Neema saa nane mchana. Alinifungulia mlango kwa kiwiko. Tukasalimiana, nzuri, nzuri, nzuri. Akaniketisha, binti yake Neema akaleta chai na mandazi, akaniuliza kwa Kiingereza kama nataka sukari, mama yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba mgeni haulizwi sukari. Tukaongea habari za Bukavu na habari za Kitale. Tukaomba. Saa niliyopewa ikapita, na sijasikia kitu ila Mungu anasaidia. Cherehani ilikuwa kwenye kona, imefunikwa shuka, na juu ya shuka kuna vumbi.

Nikaaga. Akachukua koti lake, Neema akamfunga vifungo, akatoka kunisindikiza mpaka kituo cha basi, kama adabu inavyotaka. Na hapo kwenye kituo, watu wamejaa, basi linaonekana kule mbele linakuja, ndipo akaanza.

"Dada, ile dawa haikamati."

"Haikamati vipi?"

"Najidunga kila siku ya Mungu nikitoka kanisani. Sikosi. Lakini vidole vinakataa. Siwezi tena kuingiza uzi mu shindano. Niko natengeneza maji ya moto mbele ya kujidunga, na bado inauma sana."

"Maji ya moto ya nini?"

"Ya kuyeyusha."

Basi likafika, likafungua mlango. Sikupanda.

"Mama Neema, peni unaziweka wapi?"

"Mu kongelateri," akasema. "Chini ya samaki."

Kongelateri ndiyo friza, wanangu. Ilikuwa pale pale sebuleni, kubwa, nyeupe, mimi nimeweka kikombe changu cha chai juu yake. Niliegemea kile kioo cha kituo cha basi.

Akanieleza yote, taratibu. Akina mama wa kanisa wanakuja kwake kila wiki kwa maombi. Mmoja alifungua friji kutafuta maji, akaona boksi lenye picha ya sindano.

"Juma ilofuata kanisa nzima ilikuwa inaniombea ile ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Ile," akasema, akatazama chini.

Baridi yabisi ilikuwa imegeuzwa ukimwi ndani ya wiki moja, pamoja na mapambio. Kuna wateja waliokuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Basi akahamisha peni mahali ambapo hakuna mgeni angegusa bila kuomba, chini ya samaki wa kugandishwa. Tangu Pasaka. Wiki baada ya wiki alikuwa anajidunga maji ya bei ghali kuliko dhahabu, kwa imani kamili, na mimi ndiye niliyekuwa nampelekea.

"Mbona hukuniambia kwenye simu?" Niliuliza kwa ukali, na ukali ule ulikuwa wa woga.

"Dada, tulikuwa tungali kwa salamu," akasema. "Kisha unakata."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema kitu juu ya mwuliza maradhi anayekimbizwa na saa.

Nilirudi ofisini Graham ameshakwenda zake kupanda treni. Nikakaa kuandika taarifa. Ninyi mtafundishwa kuandika taarifa za makosa: "ilionekana kwamba", "haikuthibitishwa", "mawasiliano hayakukamilika". Ni lugha tamu sana, kosa linatokea na hakuna mtu chumbani. Nilianza hivyo. Niliandika kwamba mgonjwa hakufuata maelekezo ya uhifadhi. Sentensi ilikuwa kweli, na ingenitosha mimi. Yeye isingemsaidia kitu. Mgonjwa asiyefuata maelekezo, madaktari wana njia yao ya kumtazama kwenye mkutano.

Kabla sijaituma nikafungua kumbukumbu za zamani, za kabla sijapewa ile orodha. Mama Neema alikuwa anapigiwa simu na mzungu mmoja aliyekwisha kuhama idara, kwa mkalimani. Kila simu robo saa. Ameandika: rafu ya katikati, nyuma ya mtindi. Ameandika: nani mwingine anafungua friji hiyo? Ameandika: anadunga wapi, mkono gani, nani anamsaidia. Na chini ya hayo zinaanza zangu. Ndiyo, ndiyo, hapana. Ndiyo, ndiyo, hapana.

Niliifuta ile taarifa nikaanza upya, kwa jina langu. Niliandika kwamba dawa haijamshinda mgonjwa kwa sababu hajaipata tangu Pasaka. Kwamba ilikuwa inaganda. Kwamba mimi, Beatrice, nilitia alama kwamba hifadhi ni sawa bila kuuliza ni wapi, na kwamba daktari aliona alama zangu ndiyo maana naye hakuuliza. Nikaituma hospitali na kwa Graham kwa pamoja, kabla ya akili kunirudia.

Graham alinipa barua ya onyo. Aliniuliza kama ilikuwa lazima niandike kwa urefu vile. Madaktari, Mungu awabariki, waliisoma. Walikubali aanze upya, peni mpya, miezi mitatu, kisha wapime tena. Na kumbe kampuni yetu hutoa friji ndogo ya dawa kwa mgonjwa anayeihitaji, yenye kufuli, bure. Ilikuwa kwenye fomu muda wote, ukurasa wa mwisho, ambao hakuna aliyewahi kuufungua kwa sababu dakika nne zinaishia ukurasa wa pili. Tulimwekea chumbani, akaifunika kitambaa cha maua, na akina mama wa maombi wakaamini amenunua sanduku la kuwekea dhahabu. Wakaanza kumheshimu upya.

Mkono wa kulia ulirudi. Ile shuka ikaondoka kwenye cherehani. Wa kushoto ulirudi nusu: kidole cha pete na kile kidogo vimepinda ndani mpaka leo, havinyooki. Daktari alisema viungo vile viliharibika katika miezi ile. Si kabla. Miezi ile.

Nilipokaribia kustaafu nilikwenda kumwomba msamaha. Sikuwa nimeenda kwa kazi, hakukuwa na saa wala fomu. Nilimwambia wazi kwamba vidole vile viwili ni mimi, na kwamba sijui nifanye nini navyo. Alikuwa anapinda upindo wa gauni la mtoto, kitambaa amekibana kwa vidole vitatu vya kushoto. Hakuacha kushona.

"Yule muzungu wa mbele yako," akasema, "alikuwa ananiuliza mambo ya frigo mpaka nachoka. Kama alikuwa angali yeye, ningemwambia juma ileile ya Pasaka."

"Kwa nini yeye, na si mimi?"

Akakata uzi kwa meno.

"Yeye hakujua kusalimia."